Mwalimu Scholastique na Mikono Yake

Waulize wanawake wa Arua wa umri wangu nani aliwafundisha kushona, watakutajia majina mengi, wengine watakwambia walijifunza peke yao. Mimi Medina nataja jina moja tu, na nalitaja kichwa kikiwa juu: Mwalimu Scholastique, mke wa Ambroise, mtu wa Aru, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Gauni hili nililovaa nimelishona mwenyewe. Pindua pindo uangalie ndani. Ndani ni kuzuri kama nje. Shule niliishia darasa la sita, sifichi, lakini kushona nilikwenda mpaka mwisho wa barabara.

Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kweli, hata mlango wa darasa letu ulimfundisha kuinama. Akicheka alipiga paja, na si paja lake, la mtu aliyekaa karibu naye. Kwa hiyo ukitaka kumchekesha ilibidi ukae mbali kidogo. Alilelewa na masista wa misheni kule Aru, na tangu mdogo alishona kanzu za mapadri na nguo nyeupe za watoto wa komunyo. Ambroise alikuwa mchuuzi wa vitenge, anavuka mpaka na baiskeli, mzigo nyuma kama nyumba. Walipooana wakahamia Arua, wakapata chumba karibu na soko. Vita vilipokuja mwaka wa sabini na tisa sisi sote tulikimbilia kwao Kongo, na huko ndiye aliyetupokea, akatupa sehemu ya kulala na akatukalisha kwenye cherehani asubuhi yake, eti mkimbizi asiyekuwa na kazi anaota mizizi. Lakini hayo ni mbele. Mimi nataka kueleza namna alivyopata lile jina la Mwalimu, maana hakuzaliwa nalo. Nilikuwapo, nilikaa cherehani ya pili kutoka dirishani.

Ilikuwa sabini na nne. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imetoa amri kwamba mwanamke asionekane na nguo fupi, na tangu hapo Arua nzima ilitaka nguo ndefu. Mafundi wa Kihindi walikuwa wameondoka. Wasichana wakaanza kuongezea magauni yao vipande chini, kipande cha pazia, kipande cha kitambaa cha meza. Wengine walitembea mjini wakiwa na maua juu na miraba chini. Ndipo chuo kimoja cha ufundi, nyuma ya soko, kilichokuwa kikifundisha useremala na uashi, kikafungua darasa la ushonaji. Jengo lilikuwa ghala la pamba zamani. Ukipiga chafya, pamba ilishuka kutoka darini.

Mkuu wa chuo alikuwa Mzee Ayiko, mtu wa Adumi, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Alimchukua Scholastique kwa sababu aliona kanzu moja aliyoshona. Siku ya kwanza Scholastique alisimama mbele yetu akasema, "Mimi ni Mwalimu Scholastique." Mzee Ayiko, aliyekuwa mlangoni, akakohoa.

"Madamu," akasema, "wewe iko fundi. Fundi mzuri, sikatai. Lakini mwalimu ni kitu ingine. Mwisho wa muhula mkaguzi iko kuja kutoka Kampala. Akisema hawa wasichana wanajua kushona, hapo mimi nitakuita Mwalimu mbele ya watu. Akisema hawajui, darasa inafungwa na cherehani zinaenda chuo ingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee," akasema Scholastique. Lakini alikuwa amekunja uso. Baadaye alituambia jina lile alilitamani tangu akiwa mtoto pale misheni, akiona watu wanavyosimama mwalimu akipita. "Fundi anapita, watu wanaendelea kula," akasema. "Mwalimu anapita, mutu anameza bila kutafuna."

Basi tukaanza. Mungu wangu, tulivyoanza!

Cherehani zilikuwa za miguu, zile za kukanyaga. Asiyejua anadhani kazi iko mkononi. Kazi iko mguuni. Mguu ukikosa mwendo, gurudumu linarudi nyuma, na uzi unakatika: tap! Darasa letu lilisikika kama kikaango cha bisi. Tap! Tap-tap! Na uzi wenyewe ulikuwa wa taabu siku hizo, Ambroise aliutafuta mpaka soko la Ariwara, kule Kongo. Kila tap ilimwingia Scholastique mwilini kama sindano.

Na yeye alikuwa na ugonjwa mmoja. Mikono. Akiona umekosea hakuweza kungoja. "Lete hapa! Ondoka, ondoka! Unaona? Hivi, hivi, hivi." Anakaa kwenye kiti chako, miguu inaruka, kitambaa kinapita kama maji, mshono umenyooka, wewe umesimama nyuma yake ukiangalia mgongo. Halafu: "Umeona?" Nawe unasema, "Nimeona, Madamu." Uliona nini? Uliona mgongo. Mwisho wa wiki magauni yote yalikuwa mazuri ajabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyashona.

Aliyemtesa kuliko wote alikuwa Hawah. Hawah alikuwa rafiki yangu, Mnubi kama mimi, kwao ni Koboko, alikaa Arua kwa shangazi. Msichana mchangamfu, mdomo kama redio, lakini miguu yake kwenye cherehani! Alikanyaga kama anakanyaga udongo wa kukandika nyumba, yote miwili kwa pamoja, pu! pu! Siku moja mkanda wa cherehani uliruka ukamfunga Jenifer wa Aroi shingoni.

Mzee Ayiko alikuwa na tabia ya kuchungulia dirishani. Alipoona magauni yametundikwa alifurahi, akaingia, akamwambia Hawah, "Wewe, binti. Shona hii, mstari moja, nione." Hawah akakaa. Pu! Tap! Pu! Tap! Mzee Ayiko akaangalia magauni ukutani, akamwangalia Hawah, akamwangalia Scholastique.

"Madamu," akasema polepole, "hizi nguo nani ameshona?"

Pamba kidogo ilishuka kutoka darini.

"Mkaguzi hatakagua wewe," akasema. "Atakagua hawa." Akatoka.

Siku ile Scholastique hakucheka hata mara moja. Jioni nilimsikia akimwambia Ambroise nje ya mlango, "Nimewaonyesha, nimewaonyesha, nimewaonyesha! Wanaangalia tu kama ng'ombe." Na Ambroise, mtu wa maneno machache, akasema, "Labda wamechoka kuangalia."

Sasa nije Koboko, maana dawa ilitoka Koboko.

Dada yake Hawah alikuwa anaolewa, na Hawah akaalika darasa zima, na Madamu pia. Tulikwenda nyuma ya lori la mihogo. Tuliimba njia nzima, vumbi likatupaka mpaka tukafanana wote, Walugbara, Wanubi na Wakongo, kabila moja la vumbi. Scholastique alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba kilichokuwa na urefu wake peke yake. Aliposhuka kwenye lori watoto wa Koboko walirudi nyuma kumpisha.

Kwetu Wanubi harusi bila doluka si harusi. Doluka ni ngoma ya wanawake: mnajipanga, mmevaa gurubaba zenu za rangi, zile nguo za kujifunga kiunoni, miguu inakwenda kidogokidogo, kisigino, kidole, kisigino, kidole, juu mwili umetulia kama umebeba maji. Aliyepiga ngoma siku ile alikuwa Fadhul, mjomba wake Hawah, fundi wa baiskeli pale Arua, ambaye baiskeli alizitengeneza kwa ajili ya kula na ngoma aliipiga kwa ajili ya kuishi.

Wakamvuta Scholastique katikati. Akakataa, wakavuta. Akaingia. Basi mwanamke yule wa mikono ya dhahabu hakujua aweke mguu wapi! Alikanyaga pu! pu! kama Hawah. Aliinamisha kichwa akiangalia miguu ya watu, akamkanyaga huyu, akamgonga yule, kilemba kikamwangukia usoni. Sisi wanafunzi wake tulikuwa tumekufa kwa kicheko. Hawah alikuwa ameketi chini kabisa, analia machozi ya kucheka. "Madamu! Udongo! Anakanyaga udongo!"

Wasichana wawili wa pale wakajitia kumwonyesha. "Angalia, hivi!" Wakakimbiza miguu yao kama mvua. "Umeona?"

"Nimeona," akasema Scholastique, na uso wake ulikuwa uso wetu sisi kabisa, uso wa mtu aliyeona mgongo.

Ndipo akatoka Habuba Kulusum. Habuba ni bibi kwa Kinubi, na huyu alikuwa bibi wa Koboko yote, mdogo wa mwili, meno machache, sauti ya sajini. Akawafukuza wale wasichana. "Tokeni! Nyinyi mnacheza yenu, hamumfundishi." Akamshika Scholastique mkono, akamweka katikati ya wanawake wawili wazito, bega kwa bega.

"Mama Kongo, wewe unaangalia nini chini? Kuna pesa imeanguka?"

"Naangalia miguu, Habuba."

"Wacha miguu. Miguu iko yako tangu uzaliwe, haitaenda popote. Unajua kupepeta unga?"

"Najua."

"Pepeta. Mikono tu. Pepeta na ngoma."

Scholastique akapepeta hewani. Habuba akaanza kumpiga paja taratibu kwa kiganja, pamoja na ngoma. Hakusema neno lingine. Akapiga tu, wale wanawake wawili wakiyumba, na Scholastique akiyumba katikati yao kama mzigo kwenye lori. Mara nikaona kisigino chake kimeshuka. Kikainuka kidole. Kisigino, kidole. Habuba akaondoa kiganja chake, akarudi nyuma, akasimama mikono mgongoni anaangalia. Scholastique hakujua kama ameachwa. Alikuwa anacheza!

Halafu, katikati ya doluka, akapiga ukelele: "Cherehani!"

Ngoma ikasimama. Watu wakatazamana. Mama mmoja akasema amepandwa na kitu, leteni ubani. "Cherehani!" akarudia, anacheka, anampiga paja yule mama mzito aliyekuwa karibu, paf! "Hawah! Medina! Njoo hapa! Kisigino, kidole! Iko mguu ya cherehani! Munajua tayari! Munajua kunishinda, na mimi nawapigia kelele!" Akamkumbatia Habuba mpaka yule bibi akaning'inia hewani, miguu inatafuta ardhi.

Jumatatu yake aliingia darasani na Fadhul na ngoma.

Lakini kwanza alimwita Hawah akampa kipande kirefu cha kitambaa. "Nifunge mikono. Nyuma. Kabisa."

"Madamu, umekosa nini?"

"Hii mikono inaiba kazi ya watu. Funga."

Tukacheka mpaka Jenifer akapata kwikwi. Hawah akafunga, na kwa kuwa alikuwa hajui kufunga kwa kiasi, alifunga kama anafunga mbuzi wa Idi. Scholastique akatuondolea uzi kwenye mashine zote, yaani alitwambia tuuondoe, maana yeye hakuwa na mikono. Akatwambia tuweke karatasi za gazeti chini ya sindano badala ya nguo. "Leo hakuna kushona. Leo iko arusi ya miguu. Fadhul, piga. Polepole, nakuomba."

Fadhul akapiga. Na sisi tukaweka miguu. Kisigino, kidole. Gurudumu la Hawah likayumba, likataka kurudi nyuma, likafikiri, likaenda mbele! Likaendelea kwenda mbele! Hawah akapiga kigelegele. Karatasi yake ilitoka upande wa pili imetobolewa mstari mzima, akaibusu. Wote tukapiga vigelegele. Nakwambia darasa lile lilikuwa na raha ambayo sijaiona hata peponi, na peponi sijafika.

Tatizo lilikuwa Fadhul. Ngoma ya doluka ina kawaida ya kupanda moto, na vigelegele ni petroli. Siku ya pili tulipotia uzi na vitambaa, alianza polepole kama alivyoombwa, akasikia kigelegele kimoja, akafumba macho, mikono ikapata wazimu. Na miguu yetu inafuata ngoma, itafanya nini? Cherehani zikaunguruma kama lori kwenye mlima. Mapindo yakakimbia nje ya kitambaa. Jenifer alishona mkono wa gauni ukafungika pande zote mbili, kama soksi. Hawah alishona gauni la mteja moja kwa moja mpaka kwenye gurubaba aliyovaa mwilini, na alipoinuka kushangilia cherehani nzima ilijaribu kumfuata.

"Simama! Fadhul, simama!" anapiga kelele Scholastique, mikono imefungwa, anarukaruka kama kuku. Fadhul hasikii.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Ayiko. Nyuma yake maseremala wote na waashi, wamekuja kuona.

"Hii iko chuo," akasema, "ama iko arusi?"

Fadhul akafumbua macho. Hawah alikuwa amesimama na cherehani kiunoni.

"Mzee," akasema Scholastique, na nampenda mpaka leo kwa jibu lake, "muulize yeyote hapa akanyage. Yeyote."

Mzee Ayiko akamnyooshea kidole Hawah. Tukamkata kutoka kwenye gauni kwanza. Akakaa, Fadhul akampigia taratibu, na Hawah akashona mstari mmoja bila uzi kukatika. Umepinda kama barabara ya Adumi, lakini mzima. Mzee Ayiko akaushika, akauvuta kwa nguvu. Haukuachia.

"Kwa nini wamekufunga mikono?" akauliza.

"Nimeomba mwenyewe, Mzee."

Akafikiri. "Endelea," akasema. "Lakini funga huyu Fadhul pia."

Ndivyo tulivyokwenda muhula ule. Asubuhi Hawah anamfunga Madamu mikono, Fadhul anapiga nusu saa kabla ya kwenda kwenye baiskeli zake, halafu tunaanza. Kwa kuwa hakuweza kushika, ikabidi aulize. "Medina, huu mshono unakuambia nini?" Nami nauangalia, kwanza naona mshono tu, siku nyingine naona umekunjamana, siku nyingine najua kwa nini. Aliyeelewa kola alimfundisha asiyeelewa kola, yeye akiwa amesimama pembeni anajing'ata midomo. Ukisema kitu cha kipumbavu hakukucheka. Alisema, "Jaribu uone," ukajaribu, ukaona. Nguo ilikucheka mwenyewe. Lakini ngoma hatukuiacha. Bila Fadhul miguu ilikuwa na wasiwasi, na Scholastique alisema, "Tutaiacha polepole, siku zipo."

Siku hazikuwepo. Wiki ya mkaguzi, Haji Tahiru akafa.

Haji Tahiru alikuwa mzee wetu Wanubi, na ukuta wa nyumba yake ulikuwa ndio ukuta wa darasa letu. Kwetu mtu mkubwa hivyo akifa, ngoma hailii jirani yake mpaka karama ya arobaini, ile dua ya siku ya arobaini, ipite. Wala vigelegele. Kinyozi wa pale alizima hata redio. Fadhul alikuwa ameoa kwa Haji, alikuwa amekaa matangani na kofia yake nyeupe. Huwezi hata kumtazama ukafikiria ngoma. Scholastique, Mkristo na mgeni, ndiye wa kwanza kusema, "Ngoma hapana. Hata kidole kwenye meza, hapana. Yule mzee alitusikia kelele muhula mzima na hakulalamika." Akaenda matangani na majani ya chai na sukari. Aliporudi alikuwa amenyauka kama kitambaa kisichopigwa pasi.

Mkaguzi akafika. Bwana Adrabo, kijana wa tai nyembamba, mzaliwa wa huku huku aliyesomea Kampala, mpole, anatabasamu, na hilo lilitutisha zaidi. Mzee Ayiko alikuwa nyuma yake anajipangusa shingo.

"Haya kina dada," akasema Bwana Adrabo. "Msiniogope. Shoneni kama siku zote."

Kama siku zote! Tukakaa. Upande wa pili wa ukuta tukasikia watu wakisoma dua, sauti ya chini. Darasani kimya. Nikaweka miguu kwenye kikanyagio na miguu yangu ikaniuliza, tufuate nini? Nikakanyaga. Tap! Jenifer: tap! Hawah, pu! Tap! Kikaango kimerudi. Mzee Ayiko akafumba macho.

Nikamwona Scholastique. Asubuhi ile kwa heshima ya mgeni hatukumfunga, na mikono ile ilikuwa imeinuka tayari, inakwenda kwenye cherehani ya Hawah, vidole vimefunguka. Hatua moja zaidi angeshasema "Lete hapa". Akasimama. Akageuka, akamtolea Hawah kitambaa.

"Funga."

"Sasa, Madamu? Mbele ya—"

"Funga, mutoto!"

Bwana Adrabo akashangaa. "Mama, nani amekukamata?"

"Najikamata mwenyewe, Bwana. Nitaeleza." Akaenda kwenye cherehani ya zamani ya kona, ile iliyoharibika sindano, mbovu, inayopiga kelele kuliko zote. Akakaa, mikono nyuma. "Medina, nizungushie gurudumu." Nikamzungushia. Na yule mwanamke mrefu, magoti yanagusa meza, akaanza kukanyaga cherehani tupu. Haina uzi, haina nguo. Kra-ka, kra-ka, kra-ka. Si ngoma. Hakuna msiba unaokataza cherehani. Sauti ya kazi tu, chini, taratibu, kisigino, kidole.

Nikarudi kwenye kiti changu. Kra-ka. Mguu wangu ukaitika wenyewe. Jenifer akaingia. Mmoja, mwingine. Hawah alikuwa amefumba macho, nikataka kumwambia fumbua utajishona, akayafumbua, na gurudumu lake likaenda. Darasa zima likawa kra-ka, kra-ka, mguu mmoja. Gauni nililopewa siku ile, la rangi ya maji ya machungwa, nililishona upande mzima nikiwa nimesahau kama kuna mtu wa Kampala duniani.

Niliposhtuka, Bwana Adrabo alikuwa ameinamia kona. "Mama," anauliza kwa sauti ya chini, "wewe umeacha saa ngapi?"

Scholastique alikuwa ameketi tu, miguu imetulia sakafuni. Ameacha zamani. Sisi tunakwenda.

"Vizuri," akasema yule kijana. "Lakini wengi pamoja ni kwaya. Kwenye kwaya hata asiyejua kuimba anafungua mdomo. Wengine simamisheni." Akatazama huku na huku, na Mungu anajua aliona nini, akamnyooshea Hawah kidole. "Wewe. Pindo la chini. Peke yako."

Cherehani zote zikanyamaza. Mzee Ayiko akashika fremu ya dirisha. Hawah akazungusha gurudumu. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, kama anayesali. Akaenda. Akaenda vizuri. Karibu na mwisho kitambaa kikateleza, pindo likapiga kona kidogo, kadogo tu, mimi niliona kwa sababu nina macho. Bwana Adrabo hakuona. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kulipokea.

Hawah akalivuta nyuma. "Ngoja, Bwana," akasema. "Hapa imedanganya." Akachukua wembe, akafumua kile kipande, akakilaza upya kwa ukucha, akashona tena. Hakumtazama Madamu. Hakumtazama mtu. Aliangalia pindo tu, halafu akalipindua ndani, akaridhika, ndipo akampa.

Nikageuka kumtazama Scholastique. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuwa na mkono wa kuyapangusia.

Bwana Adrabo akalishika lile pindo muda mrefu. "Nani alikuambia ufumue?"

"Nani aniambie? Si imepinda?" akasema Hawah, kwa ule mdomo wake.

Yule kijana akacheka, kimyakimya, mabega yanatikisika. Akamgeukia mkuu. "Mzee Ayiko, darasa hili libaki. Na mwakani uwatafutie cherehani zaidi. Huyu mwalimu wako usimruhusu aende chuo kingine."

Mzee Ayiko akanyoosha shati. Akaja mbele yetu sote, akasimama wima kama anaapishwa. "Mwalimu Scholastique," akasema. "Asante, Mwalimu."

Sasa niambie. Utafanya nini, furaha imekujaa mpaka kooni, na nyuma ya ukuta watu wanamlilia Haji? Kigelegele kimoja tu na ungekuwa umevunja adabu ya mji mzima. Tuliruka bila sauti. Jenifer aling'ata gurubaba yangu. Nilimpiga Hawah ngumi za mapenzi mgongoni, naye amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka kama chura. Scholastique alikuwa anazunguka katikati ya darasa mikono nyuma, anafungua mdomo na kufunga, kama samaki. Hata Bwana Adrabo aliruka kidogo, halafu akarekebisha tai.

"Nje!" akanong'ona Scholastique. "Nje, nje, mbali!"

Tukatoka kwa adabu, tumeinamisha vichwa, tukapita mbele ya matanga tukitoa salamu za pole, mashavu yamevimba. Tukapita soko. Tukapita nyumba ya mwisho ya mji. Hapo tukaanza kukimbia, barabara ya Aroi, viatu mkononi, na Mwalimu mbele yetu kwa ile miguu yake mirefu, bado amefungwa, hakuna aliyekumbuka kumfungua. Tulipofika kwenye mashamba ya watu, ambapo Haji hasikii wala wafiwa hawasikii, akasimama, akageuka, akavuta pumzi.

"Sasa!" akasema.

Lo! Vigelegele tulivyovipiga siku ile vilirusha ndege. Na akina mama wa Aroi waliokuwa wakipalilia mihogo, wasijue tunashangilia nini wala sisi ni nani, wakainuka na majembe yao, shamba moja, shamba la pili, mpaka kule bondeni, wakatujibu.